Kumsindikiza Shangazi

Siku ya kuripoti chuoni, karani wa mapokezi alimtazama mwanamke aliyesimama mbele yake, akalitazama begi lake la magurudumu, kisha akamwonyesha kwa kalamu turubai lililofungwa upande wa pili wa uwanja.

"Wazazi wanakaa kule, mama. Kuna viti na maji ya kunywa. Mwanao aje mwenyewe na vyeti vyake."

"Vyeti hivi hapa," alisema yule mwanamke. "Na huyo mwana ndiye mimi."

Karani alisoma jina, akasoma mwaka wa kuzaliwa, akarudi tena kwenye jina. Nyuma yao foleni ya vijana ilicheka, si kwa ubaya, bali kama watu wanavyocheka wakiona kuku ameingia darasani. Mwanamke hakugeuka. Alikuwa amefundisha darasa la kwanza muda mrefu kiasi kwamba watoto wa wanafunzi wake wa mwanzo walikwisha kupita mikononi mwake, na kicheko cha watoto nyuma ya mgongo kilikuwa kitu alichokizoea kama vumbi la chaki.

Shahada aliitaka tangu zamani. Kwanza ilizuiwa na mimba, kisha ujenzi wa nyumba, kisha ugonjwa wa baba mkwe, kisha mazoea. Mazoea ndiyo yaliyomchelewesha kuliko vyote. Mvi zilikuwa zimeanza kumchungulia kwenye paji la uso pale ruhusa ya masomo ilipotoka, naye akaipeleka moja kwa moja kwenye karakana ya uani ya mumewe, fundi seremala, aliyekuwa akipiga randa mguu wa kitanda.

"Miaka mitatu?" mume aliuliza.

"Mitatu."

"Na unakaa bweni?"

"Ni mbali. Siwezi kwenda na kurudi."

Fundi alipuliza maranda, akapapasa mbao kwa kidole gumba kuona kama imelainika. "Haya," alisema. "Miaka ni kitu cha kupita." Kwake yeye hiyo ilikuwa hotuba.

Wifi mtu, dada wa fundi, ndiye aliyekuwa na maneno. Alikuja na kukaa sebuleni akiwa na uso wa msiba. "Wifi yangu, wenzako wa rika lako wanabembeleza wajukuu. Wewe unakwenda kulala kitanda cha ghorofa na watoto wa watu? Na huyu binti yenu wa sekondari nani atamwangalia? Na kaka yangu atakula nini?"

Mama mkwe, aliyedhaniwa amesinzia kwenye kiti chake, alifumbua jicho moja. "Kaka yako ana mikono. Na mimi sijafa. Mwache mwenzio aende. Nimechoka kuishi kwenye nyumba ambayo hakuna mtu anayekwenda mahali."

Basi akaenda.

Chumba alichopangiwa kilikuwa na vitanda viwili vya ghorofa, na kitanda kimoja kilikuwa cha kuwekea masanduku. Wenzake walikuwa mabinti wawili. Wa kwanza alianza kuzungumza kabla mlango haujafunguka vizuri, na korido nzima ilikuwa imeshampa jina la Redio. Wa pili alikuwa mwembamba, anasoma hisabati, na kila kitu alikijibu kwa "sawa" au "asante". Huyo walimwita Kimya. Kwa mpangilio wa bweni, mwalimu alikuwa alale juu ya Redio.

"Haiwezekani," Redio alisema, akivuta shuka lake. "Mtu mzima kupanda ngazi kama anapaka rangi ukuta? Lala chini hapa. Mimi napenda juu, naona mambo. Sasa nikuiteje? Mama siwezi, mama yangu yupo nyumbani na ana wivu. Dada napo, hapana. Utakuwa Shangazi."

Tangu siku hiyo akawa Shangazi, kwanza kwa chumba, kisha kwa korido, mwisho hata kwa mlinzi wa getini.

Wiki za mwanzo za chuo ni kama wiki za mwanzo za darasa la kwanza. Tofauti ni kwamba hawa wanajifunika mto wakilia. Shangazi aliliona hilo upesi. Kulikuwa na binti aliyeongea na mama yake kwenye simu akashindwa kumeza chakula. Mwingine aliamka na jino linalouma, hajui zahanati iko wapi na anaona haya kuuliza. Mwingine alikuwa wa kwanza darasani maisha yake yote, na sasa amekaa kati ya watu mia waliokuwa wa kwanza darasani. Mmoja baada ya mwingine waligonga mlango, na Shangazi aliwapokea wote kwa dawa ileile: chai ya maziwa, nafasi ya kukaa ukingoni mwa kitanda, na neno "vumilia". Dawa ilifanya kazi. Wengi walichohitaji ni mtu wa kuwaambia wakae, na baada ya kikombe kimoja walipangusa pua wakaenda zao.

Redio alisema chumba chao kiandikwe bango la zahanati. Shangazi alicheka, lakini utani huo ulimwingia vizuri.

Kwa sababu huko darasani mambo hayakuwa hivyo. Ukumbi wa mihadhara ulipanda kama ngazi, na mhadhiri chini kabisa alikuwa wa umri wa kifungua mimba wake. Alizungumza akiutazama ukuta, ambako maandishi yalipita kabla Shangazi hajamaliza mstari wa kwanza. Kazi za darasani hazikukusanywa mkononi. Zilipitia kwenye kompyuta. Na kulikuwa na somo la takwimu. Mambo ya malezi ya mtoto aliyaelewa, tena mara nyingine alitamani kunyoosha kidole na kusimulia, lakini takwimu zilimtazama kama mbwa wa jirani.

Alikaa mbele, kama alivyowaambia wanafunzi wake siku zote. Mhadhiri alipouliza kama wameelewa, Shangazi alitikisa kichwa kukubali. Mwalimu wa darasa la kwanza anaijua vizuri sura ya mtoto asiyeelewa anayetikisa kichwa. Sasa sura hiyo alikuwa ameivaa mwenyewe, na hakuna aliyemwona, maana nani atamtilia shaka mtu mzima aliyekaa mbele?

Kuuliza hakuuliza. Alijiambia atauliza wiki ijayo, akishajua vizuri ni kitu gani hasa asichokijua.

Jioni alifungua kitabu. Mlango ukigongwa, alikifunga. Mwanzoni alikifunga kwa kusitasita, akiweka kidole kwenye ukurasa. Baadaye akawa anakifunga hata kabla hodi haijaisha. Ikafika mahali akawa anauacha mlango wazi kidogo, ili anayepita aone taa.

Fundi alipiga simu mara kwa mara, akiwa karakana, na nyuma yake msumeno wa mwanagenzi ukikoroma.

"Vipi masomo?"

"Yanaenda."

"Na wewe?"

"Mimi sina neno."

Jaribio la kwanza la takwimu lilitoka, akawa amefeli, tena si kufeli kwa kukaribia. Kazi ya somo jingine ilipewa sifuri. Aliiandika kwa bidii, lakini mahali alipobonyeza hapakuwa pa kuituma, na huko kwenye kompyuta ilionekana hakuandika kitu. Hakumweleza mtu. Alianza kuamka na kichwa kizito, na chakula cha kantini kikawa kinamkaa kooni. Akasema ni maji ya chuo.

Katika siku hizohizo Kimya aliacha kwenda darasani.

Haikuwa ghafla. Kwanza aliacha vipindi vya asubuhi, kisha vya mchana, halafu akawa analala ameelekea ukutani huku viatu vyake vikikaa palepale vilipovuliwa. Shangazi alimwona. Hilo halikuwa na ubishi, baadaye hakujaribu kulikana. Alimchemshia chai, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Mwanangu, mwanzo wa kila kitu ni mgumu. Hata mimi napata tabu. Vumilia. Mvumilivu hula mbivu."

"Asante, Shangazi."

Chai aliikuta baadaye juu ya rafu imepoa, imeota utando. Aliimwaga, akachemsha nyingine. Kesho yake ikawa hivyohivyo. Alibadilisha methali, akaongeza sukari.

Redio ndiye aliyesema, siku moja wakiwa wanaanua nguo. "Shangazi, huyu mwenzetu si apelekwe kwa mshauri?"

Ofisi ya mshauri wa wanafunzi ilikuwa zamani stoo ya vifaa vya michezo, na mlango wake ulitazamana na foleni ya kantini. Ukiingia pale saa ya chakula, nusu ya chuo imekuona, na ile nusu nyingine itasimuliwa. Wanafunzi waliuita mlango wa vichaa. Kulikuwa na watu waliokaa chuoni miaka yote bila kumjua mshauri kwa sura.

"Mlango ule?" Shangazi alisema. "Umwaibishe mtoto wa watu bure. Huyu hana wazimu. Amekumbuka kwao tu."

"Mimi nimesema tu," Redio alijibu, na kwa kawaida yake angeendelea, lakini aliyesema ni mtu mzima, akaendelea kuanua nguo.

Jumamosi iliyofuata maji yalirudi baada ya kukatika, na bweni zima lilimiminika kwenye ua wa kufulia. Kimya naye alishuka. Shangazi alifurahi kumwona na ndoo. Alimgusa Redio kiwiko kama kusema, unaona? Ndani ya ndoo mlikuwa na blauzi moja. Kimya aliiweka chini ya bomba, akafungua maji, akakaa sakafuni. Ndoo ikajaa, ikafurika, maji yakamfikia miguuni, yakalowesha sketi. Msichana wa bomba la pili alimwita. Hakujibu. Shangazi alifunga maji, akachutama mbele yake.

"Inuka, mwanangu. Utapata baridi."

"Siwezi."

"Huwezi nini?"

Kimya alifikiri, kama mtu aliyeulizwa swali la mtihani. "Chochote," alisema. "Siwezi chochote."

Walimpeleka zahanati ya chuo, Redio bega moja, Shangazi jingine. Muuguzi alimpima, akauliza amekula lini mara ya mwisho, Redio na Shangazi wakatazamana. Daktari alikaa naye ndani kwa muda, mlango umefungwa. Alipotoka alisema ni sonona, kwamba ni ugonjwa kama magonjwa mengine na una matibabu, lakini si wa kuachwa ujiponye. Ndugu zake waitwe.

Mama yake alifika siku ya pili pamoja na mjomba mtu. Mjomba, ambaye ndiye aliyechagua ile hisabati, alibaki nje akizunguka mti wa maua kama anautafutia kasoro. Mama alipanda chumbani kufunga vitu vya mwanawe. Alikunja nguo moja moja, vizuri, kuliko ilivyohitajika.

"Nyinyi ndio mliokuwa mnakaa naye," alisema bila kuinua kichwa. "Hamkuona kitu?"

Redio alianza kukunja shuka lililobaki kitandani.

"Niliona," alisema Shangazi.

"Ukafanya nini?"

"Nilimwambia avumilie."

Mama aliweka nguo ya mwisho, akavuta zipu ya begi. Zipu ilikwama katikati. Shangazi akashika upande wa pili, wakaivuta pamoja.

"Hata mimi kwenye simu," mama alisema, "nilikuwa namwambia hivyohivyo."

Shangazi alimbebea begi hadi chini, wakaagana kwa mkono.

Mshauri aliwaita Redio na Shangazi wiki ile, kama alivyowaita wengine wa korido, kujua wanaendeleaje baada ya mambo yale. Walipita mbele ya foleni ya kantini, Redio ameshika kitabu usoni kama kizuizi cha jua. Yeye aliingia kwanza, akatoka upesi akisema amepona. Zamu ya Shangazi ikafika.

Ndani mlinuka mpira. Kwenye rafu ya juu kulikuwa bado na mipira iliyoishiwa upepo, imebonyea kama maboga yaliyosahaulika shambani. Mshauri alikuwa mwanamke mdogo kwa Shangazi kwa miaka mingi, ana mafua, ana karatasi laini mkononi, na alinyanyuka kumpokea.

"Shikamoo, mama. Nimekusikia sana. Wanasema una zahanati yako."

"Marahaba. Nilikuwa nayo." Shangazi alikaa. "Mgonjwa wangu amenishinda."

"Ulimpa ulichokuwa nacho. Kuna mtu anayehitaji chai, na kuna anayehitaji daktari. Kwa nje wanafanana. Hata sisi tuliosomea huwachanganya." Alipenga pua, akaomba radhi. "Na wewe?"

"Mimi ni mtu mzima."

"Sikuuliza umri, mama."

Shangazi alitazama mipira. Alikuwa na jibu lake la kila siku, lilikuwa tayari ulimini, na aliliacha likae hapo. Kutoka nje ilisikika sauti ya sahani na mtu akilalamika kwamba amerukwa kwenye foleni.

"Sielewi takwimu," alisema mwishowe.

Hakulia. Alizungumza kama mtu anayetoa vitu kwenye gunia, bila haraka, akiweka kimoja kando ya kingine: takwimu, kompyuta, ile sifuri, kichwa kinachouma, kutikisa kichwa darasani, mlango aliouacha wazi makusudi ili apate sababu ya kufunga kitabu. Hilo la mwisho lilimshangaza yeye mwenyewe. Hakujua kwamba analijua mpaka aliposikia anasema.

Mshauri hakutoa methali hata moja. "Nani anajua kwamba umefeli?" aliuliza.

"Wewe."

"Leo mwambie mtu mwingine mmoja. Yeyote. Halafu kuna mafunzo ya kompyuta maktaba, mchana, ya wale wasioizoea. Hayana watu kwa sababu kila mmoja anadhani ni yeye peke yake. Na mhadhiri wako wa takwimu ana saa za kuonana na wanafunzi ofisini. Anakaa pale anasoma gazeti, hakuna anayekwenda. Wiki ijayo urudi uniambie."

"Nirudi? Kwa mlango huohuo?"

"Sina mwingine," mshauri alisema, na wote wawili wakautazama mlango.

Jioni alimpigia mumewe. Aliposema neno "nimefeli", msumeno wa kule karakana ulinyamaza. Fundi alikuwa amemwashiria mwanagenzi wake aache.

"Kinyozi hajinyoi," fundi alisema. "Na mimi nilikuwa nashangaa. Kila siku nikikuuliza unasema huna neno. Mke wangu, tangu nikuoe hujawahi kukosa neno."

Shangazi alicheka, kicheko cha kweli, hadi Redio akachungulia kutoka kitanda cha juu. Kule nyumbani simu ilinyakuliwa.

"Hizo takwimu," sauti ya mama mkwe iliuliza, "ni ugonjwa au ni somo?"

"Ni somo, mama."

"Basi somo halijamuua mtu. Rudia. Wifi yako usimwambie."

Mafunzo ya maktaba yalimsaidia kidogo. Aliyemsaidia sana ni Redio. Alimkalisha mbele ya kompyuta yake mwenyewe na kumfundisha kwa njia yake, yaani kwa kuongea bila kituo, akichanganya mambo ya faili na mambo ya mchumba wa dada yake. "Bonyeza, Shangazi, haiumi. Sasa imeondoka. Unaona imeandika imepokelewa? Isipoandika hivyo hujatuma, umejisemea moyoni tu. Basi dada akamwambia yule mchumba... hapana, hapo usiguse." Shangazi alisahau mambo, akauliza tena, akasahau, akauliza tena. Aligundua kuwa kuuliza mara ya tatu ni rahisi kuliko mara ya kwanza. Kwa mhadhiri alikwenda pia. Kijana alikunja gazeti, akavuta kiti, akamweleza wastani na mtawanyiko kwa kutumia urefu wa wanafunzi wa darasa moja waliopangwa mstari. Na watoto waliopangwa mstari ni kitu Shangazi alichokijua.

Mlango wa chumba akaanza kuufunga siku za masomo. Wenye shida ndogo waliambiwa waje Jumamosi, na wengi walikuta ikifika Jumamosi shida yenyewe imeshasahaulika.

Lakini mwishoni mwa muhula alikuja binti wa ghorofa ya juu, ingawa ilikuwa siku ya masomo, na Shangazi alimfungulia kwa sababu ya namna alivyogonga, mara moja tu, kama asiyetaka kusikika. Alimpa chai. Binti alishika kikombe kwa mikono miwili na hakukinywa. Alisema anaendelea vizuri. Alisema ni uchovu. Chai ikaanza kuota utando.

Zamani angechemsha nyingine. Safari hii Shangazi alitafuta viatu vyake chini ya kitanda.

"Nina ombi," alisema. "Nisindikize mahali."

"Wapi, Shangazi?"

"Kwa mshauri. Nakwenda kila wiki, na leo ndiyo siku yangu. Naona aibu kupita pale kwenye foleni peke yangu."

Yote yalikuwa kweli. Binti alimtazama, akaweka kikombe chini. Kumsindikiza mtu mzima si jambo la kuulizwa mara mbili. Walipita mbele ya kantini wakishikana mikono, Shangazi akisalimia huku na huku kwa sauti yake ya darasani. Mlangoni binti alitaka kusubiri nje.

"Utasimama juani? Ingia, kuna viti viwili."

Waliingia pamoja. Shangazi alieleza mambo yake kwanza, ya takwimu na ya usingizi, mbele ya binti yule, bila kupunguza. Kisha akasema anatoka kwenda kununua vocha ya simu, na hakurudi mpaka muda mrefu umepita.

Habari za namna hiyo hazihitaji tangazo. Muhula wa pili ikawa mazoea: mtu akionekana anapita kwenye foleni kuelekea ile stoo, akiulizwa, hujibu, "Namsindikiza Shangazi." Wakaja na wavulana. Mmoja mrefu, mcheza mpira, alimsindikiza majuma matatu mfululizo akiwa amebeba mkoba wake kama mlinzi wa benki. Mara nyingine walimsindikiza Shangazi hata siku ambazo Shangazi mwenyewe alikuwa darasani, na hakuna aliyeuliza sana.

Kwenye foleni palikuwa na wachokozi. "Huyu bibi ana matatizo gani yasiyoisha?" mmoja alisema siku moja, kwa sauti ya kusikika.

"Ya umri," Shangazi alimjibu. "Yatakufikia. Ukifika uniambie, nikusindikize."

Sifa yake iliharibika kidogo. Kulikuwa na wanafunzi wa idara nyingine waliomjua tu kama yule mwanamke mwenye wazimu wa bweni la wasichana. Redio alichukia, akataka kwenda kuwasahihisha mmoja mmoja. Shangazi alimwambia awaache. Yeye ana mume na nyumba, hatafuti mchumba, jina likichafuka litafuliwa likizo.

Kimya alirudi mwaka uliofuata. Alikuwa amehamia somo la ukutubi na bweni jingine, amenenepa kidogo, na dawa zake alizinywa bila kujificha. Alikuja kumtembelea Shangazi mchana mmoja. Mazungumzo yao hayakuwa marefu. Shangazi alikuwa ameandaa maneno ya kumwomba radhi, ameyapanga kwa miezi, lakini alipoyaanza Kimya alitikisa kichwa.

"Wewe ulikuwa unakuja kila siku," alisema. "Nilikuwa nasikia unakuja. Sikuweza kugeuka tu."

Halafu akauliza kama kweli wanahesabu wanafunzi kwa kupanga mstari, maana Redio amemwambia, na kama ni hivyo anaweza kumwonyesha njia nyingine, fupi zaidi. Hisabati yenyewe hakuwa ameichukia, alisema; alichokuwa anakichukia ni kuisoma akiwa mjomba amesimama nyuma ya bega lake hata kama yuko mbali. Wakakaa na karatasi hadi jua likahama dirishani.

Takwimu Shangazi alizirudia, akapita kwa alama za kubana. Masomo mengine yalikwenda ya wastani, na moja la malezi alipata alama za juu kuliko darasa zima, jambo ambalo mama mkwe alilitangaza mtaani kwa nguvu kiasi kwamba wifi mtu alilazimika kuja kutoa pongezi. Alikula, akashukuru, akauliza kama chuo kile kinapokea hata waliomaliza shule zamani sana. Aliuliza akitazama pembeni, na mama mkwe akajifanya amelala.

Mwaka wa tatu chuo kilimpa mshauri chumba kingine, nyuma ya maktaba, chenye mlango unaotazama miti. Wanaokwenda huko sasa huenda wenyewe. Shangazi aliendelea kwenda kwa muda, kisha akawa anakwenda mara chache, kisha akaacha, kwa sababu hakuwa na la kusema isipokuwa salamu.

Siku hizi anafundisha sekondari ya kutwa, umbali wa kutembea kutoka karakana. Kichwa humuuma wakati wa kusahihisha mitihani, kama walimu wote. Redio yuko mji mwingine, ameajiriwa kwenye kampuni ya simu, kazi ambayo kila anayemjua anaona ndiyo aliyoumbiwa, na humpigia jioni akitoka zamu. Kwa kawaida anaongea yeye na Shangazi anasikiliza huku akimenya vitunguu. Ziko siku chache ambazo Redio huuliza, "Na wewe?" na anayeongea huwa ni Shangazi, kwa kirefu, mpaka fundi anaingia kuuliza chakula kimefikia wapi.